Kifuniko

Jumapili, siku nne kabla, Verlon anatutumia ramani:
doa la njano, dogo,
kama mafuta ya kuku kwenye karatasi,
ncha yake imeigusa Corley, Alabama, begani.
"Msipandwe na mori," anaandika.
Yeye mwenyewe hajalala.

Kompyuta za Ulaya zinasema jioni,
za Marekani zinasema usiku wa manane;
zinabishana kama mawakili wawili wa urithi mmoja.

Sisi ni wanne. Verlon hupima pamba kiwandani.
Odessa alikuwa muuguzi wa shule; sasa ana magoti mabovu
na kipimamvua uani, hukisoma saa moja kila asubuhi,
hata asubuhi ya kumzika mumewe.
Teague ana miaka kumi na mitano, anaujua upepo wa futi elfu tano
kuliko anavyolijua jedwali la saba.
Mimi nauza matairi.
Hakuna aliyetutuma.

Jumatatu doa likawa la chungwa.
Jumanne, jekundu.
Rangi inaiva kama pilipili, na sisi
(niseme kweli)
tunafurahi.
Si furaha ya kicheko. Ni ya mtu
aliyeona namba tatu za kwanza za bahati nasibu yake zikitoka
na bado hajashusha pumzi.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema waliosema.
Jumatano hapa hapana wingu. Anga imesuguliwa
kama sahani ya mgeni.
Dalili ni chupa inayotoka jasho mezani,
shati linalogoma kukauka kambani,
Ghuba ya Meksiko imehamia jikoni kwetu
bila kubisha hodi.

Alhamisi, shule zikafungwa saa tano.
Puto lililorushwa alfajiri lilirudisha habari:
huko juu kuna tabaka la hewa ya moto,
kifuniko juu ya chungu.
Chini panatokota.
"Kikivunjika saa nane," Teague akasema, "tumekwisha."
Alitabasamu aliposema. Nilimwona.
Naye aliniona nikitabasamu.

Saa nane. Saa tisa. Saa kumi.
Wingu moja likachomoza magharibi, likanyoosha shingo,
likachoka, likabaki moshi.
"Imetupita," Verlon akasema, akavua kofia
kama mtu aliye msibani.
Tukakaa nyuma ya pikapu yake, abiria walioachwa na treni,
tukila karanga za kuchemsha,
tukiilaani hewa kavu.
Tukiilaani. Kwa kutuacha salama.

Saa kumi na moja na dakika ishirini,
maili arobaini kaskazini,
kifuniko kikavunjika.

Kwenye rada tuliona ndoano kwanza,
kisha kijani na nyekundu zikikabana koo,
pia inayozunguka pasipo mtoto wa kuivuta uzi,
kisha kitone cha buluu katikati.
Hakuna aliyeuliza. Ile haikuwa mvua.
Yalikuwa mabati, mbao, magodoro,
juu, futi elfu kumi.

Hakuna aliyesema "niliwaambia."
Odessa alikwisha kumpigia dada yake, Velma Jean, Mount Zoar.
Simu ikaita. Akahesabu miito kwa vidole
kama alivyohesabu mapigo ya watoto wenye homa.
Saba.
Nane.
Velma Jean akapokea akiwa kwenye beseni la kuogea,
godoro kichwani, mbwa miguuni,
akiuliza kwa ghadhabu ni mpumbavu gani
anayepiga simu wakati kama huu.

Odessa akacheka hadi kicheko kikageuka.
Kuhusu jirani zake, wale wa nyumba ya magurudumu,
hakutuambia, nasi hatukuuliza
mpaka giza lilipoingia.

Ijumaa, saa moja asubuhi,
alichechemea hadi uani. Chombo kikavu.
Akaandika sifuri daftarini. Akaifuta.
Akasimama na penseli yake kwa muda,
kisha akaiandika tena,
kwa kuwa hapa, uani pake,
ndiyo iliyokuwa kweli.